Fabre, Mwalimu Aliyekaa na Nyigu

Watoto, nyigu mnawajua. Wako nyigu wakaao wengi pamoja katika kiota kinachoning'inia chini ya paa au mtini. Hao wakichokozwa humfukuza mtu mpaka mtoni. Lakini wako nyigu wengine wasio na kijiji. Kila mama hukaa peke yake. Huchimba tundu lake katika mchanga au udongo mkavu, huweka chakula ndani, hutaga yai juu ya chakula hicho, huziba mlango, kisha huenda zake. Wengi wao hawawaoni watoto wao kamwe. Tazameni penye lundo la mchanga wa kujengea, jua linapokuwa kali, mtamwona mmoja akichimba kwa miguu ya mbele upesi upesi kama mbwa anayefukua mfupa. Karibu na tanuru letu la matofali wapo wengi, nami kwa miaka mingi niliwapita tu.

Mtu asiyewapita alikuwa Mfaransa, mwalimu wa shule kama hawa wetu. Jina lake Jean-Henri Fabre.

Alizaliwa mwezi wa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, upande wa kusini wa Ufaransa, nchi ya vilima na baridi kali. Wazazi wake walikuwa maskini. Kwa kuwa chakula hakikutosha nyumbani, walimpeleka angali mdogo kwa babu na bibi yake huko Malaval, shamba la peke yake, mbali na watu. Huko palikuwa na ng'ombe na kondoo, lakini kitabu hakikuwapo. Babu yake hakujua kusoma. Mtoto alishinda nje akitazama maua, ndege na wadudu, wala hakuna aliyemfundisha jambo hilo.

Alipofika miaka saba akarudi Saint-Léons aanze shule. Na shule yenyewe ilikuwa nini? Chumba kimoja tu! Humo humo mlikuwa darasa, jiko, na kitanda cha mwalimu. Kuku waliingia na vifaranga wao, na nguruwe wadogo walikuja wakifuata harufu ya viazi vilivyokuwa motoni. Mwalimu alikuwa pia kinyozi wa kijiji na mpiga kengele wa kanisa, kwa hiyo mara nyingi alikuwa mahali pengine. Fabre hakushika herufi hata moja mpaka siku baba yake alipomnunulia karatasi kubwa yenye picha za wanyama, kila mnyama na herufi yake, wa kwanza akiwa punda. Basi kwa siku chache tu akajua kusoma. Wanyama walimfundisha kazi iliyomshinda kinyozi.

Baadaye wazazi wake walihamia mjini Rodez, wakafungua duka la kunywea kahawa. Mtoto alisoma bila kulipa, kwa sababu alitumikia misa katika kanisa dogo la shule. Lakini biashara ya baba haikufaulu, wakahama tena na tena, na mwishoni kijana akaachwa ajitafutie riziki mwenyewe. Aliuza malimau sokoni Beaucaire. Akafanya kazi ya kibarua kwenye njia ya reli. Siku nyingine faranga chache alizopata alizinunulia kitabu cha mashairi, akalala na njaa. Kisha akasikia kwamba mjini Avignon kuna mtihani wa kuingia chuo cha walimu, na anayeshinda atalishwa na kufundishwa bure. Akaenda, akawa wa kwanza.

Mwaka 1842, angali na miaka kumi na minane, akapewa kazi ya kufundisha mjini Carpentras kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka. Siku moja aliwapeleka wanafunzi wake shambani, nje ya mji, wajifunze kupima ardhi. Wakati wa kupima akaona watoto wanainama, wanaokota jiwe, wananyonya majani makavu. Kumbe walikuwa wamevumbua viota vya nyuki wa peke yao waliojenga kwa udongo juu ya mawe, nao walikuwa wakinyonya asali kwa bua! Mwalimu mwingine angaliwapiga fimbo. Fabre akainama pamoja nao. Kwa kutaka kujua jina la nyuki yule, akanunua kitabu kikubwa cha wadudu. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mzima. Na mshahara wenyewe mara nyingi ulicheleweshwa. 

Alisoma peke yake usiku, akashinda mitihani mikubwa ya hesabu na fizikia. Mwaka 1849 akapelekwa kufundisha Ajaccio, katika kisiwa cha Korsika. Huko alikutana na mtaalamu mmoja aliyeitwa Moquin-Tandon, ambaye kwa saa moja alimwonyesha namna ya kumpasua konokono ndani ya sahani yenye maji, kwa mkasi na sindano tu. Lilikuwa somo pekee la elimu ya wanyama alilopata kwa mwalimu maishani mwake. Kisha malaria ikamwandama, ikambidi arudi bara. Mwaka 1853 alianza kufundisha Avignon.

Sasa tumefika kwa nyigu.

Jioni moja ya baridi, mwaka 1854, Fabre aliketi karibu na moto akisoma maandiko ya Léon Dufour, daktari mzee aliyekuwa na sifa kubwa kwa ujuzi wa wadudu. Dufour alieleza habari za nyigu mmoja anayewinda mbawakawa wa rangi za kung'aa. Nyigu huwaweka tundoni, na hao hukaa siku nyingi bila kuoza. Alifikiri kwamba nyigu huwaua, kisha sumu yake huzuia nyama isioze, kama vile chumvi inavyofanya kwa samaki. Fabre alikiheshimu kitabu kile. Lakini aliona jambo moja halikai sawa. Mdudu aliyekufa kweli hukauka kwa siku chache. Hawa walibaki laini.

Basi akamtafuta nyigu wa jamaa ile ile, aliyechimba katika kingo za udongo karibu na Carpentras. Huyu aliwinda fukusi wanene wenye ganda gumu, wazito kuliko yeye mwenyewe. Fabre alifukua fukusi wengi matunduni. Hawakutikisika. Hata hivyo matumbo yao yaliendelea kufanya kazi, na miili yao ilibaki mibichi kwa majuma mengi. Akaweka wengine katika chupa pamoja na unga wa mbao uliotiwa matone ya benzini. Baada ya robo saa, miguu ikaanza kucheza! Basi hawakuwa maiti. Walikuwa hai, lakini wamepooza.

Akatamani kuona pigo lenyewe. Alizunguka siku mbili mashambani akitafuta fukusi wazima, akapata watatu tu, wamechakaa. Aliwaweka karibu na mlango wa nyigu. Nyigu akawapita bila kujali. Ndipo akafikiri hila. Nyigu alipofika na windo lake na kuliweka chini, Fabre akalinyakua haraka, akaweka mahali pake fukusi mzima. Nyigu akageuka, akaona windo linatembea! Papo hapo akamkamata kwa pua yake ndefu, akambana mgongoni, akampinda tumbo lake chini yake, akachoma mara mbili kifuani, kati ya jozi ya kwanza ya miguu na ya pili. Fukusi akaanguka kama aliyepigwa radi. Hapakuwa na damu, wala jeraha la kuonekana.

Kwa nini pale na si mahali pengine? Mishipa ya fahamu ya mdudu ina vifundo, na vifundo hivyo ndivyo vinavyoongoza miguu na mabawa. Kwa wadudu wengi vifundo viko mbalimbali. Kwa fukusi, na kwa wale mbawakawa wa Dufour pia, vile vya kifuani vimekaribiana sana mahali pamoja. Mwiba ukifika hapo, yote hunyamaza. Fabre hakuridhika kueleza tu. Alichukua kalamu ya chuma yenye ncha kali, akaichovya katika amonia, akawachoma mbawakawa mwenyewe mahali pale pale. Wale ambao vifundo vyao vimekaribiana walipooza mara moja. Wengine walitetemeka, kisha wakapona.

Mwaka 1855 alitoa habari hizo katika jarida la wataalamu mjini Paris. Mwalimu wa shule amemsahihisha mkubwa wa elimu ile! Na Dufour je, alikasirika? Hata kidogo. Alimwandikia kijana yule kumtia moyo. Mwaka 1856 akapewa zawadi ya wataalamu wa Ufaransa, na mwaka 1859 Charles Darwin wa Uingereza akamtaja katika kitabu chake kikubwa.

Mshahara wake haukupanda hata hivyo. Aliendelea na kazi yake ya shule, na siku za mapumziko alirudi kwa nyigu. Alimwona yule awindaye nyenje, akichoma mara tatu, kwa maana nyenje ana vifundo vitatu mbalimbali vya miguu. Alimwona mwingine awindaye kiwavi, akimchoma pingili kwa pingili, kwa kuwa kila pingili ina kifundo chake.

Huyu wa nyenje alimwonyesha pia upumbavu wa ajabu. Kabla ya kuingiza windo, humwacha nyenje mlangoni, hushuka peke yake kukagua tundu, hutoka, ndipo humvuta ndani. Wakati nyigu yuko ndani, Fabre alimsogeza nyenje mbali kidogo. Nyigu akatoka, akamtafuta, akamrudisha mlangoni, akashuka tena kukagua. Fabre akamsogeza tena. Wakaendelea hivyo mara arobaini, na mara zote arobaini nyigu akashuka kwanza kukagua tundu alilokwisha kulikagua. Lakini Fabre aliandika pia kwamba penye kundi jingine, nyigu walidanganyika mara mbili tatu tu, kisha wakamwingiza nyenje moja kwa moja. Jambo hilo liliharibu maelezo yake mazuri. Hakulificha.

Kazi ya namna hii huonekanaje kwa wapitaji? Asubuhi moja alikaa juu ya jiwe bondeni, akingojea nyigu. Wanawake watatu waliokwenda kuchuma zabibu wakampita, wakamwamkia. Jioni waliporudi na vikapu vyao vimejaa, walimkuta pale pale, juu ya jiwe lile lile, akitazama ardhi. Mmoja akagusa paji la uso kwa kidole na kuwanong'oneza wenzake, nao wote wakafanya ishara ya msalaba kwa kumhurumia mwenye kichaa.

Alikwenda pia katika msitu wa Issarts, karibu na Avignon, mahali pa mchanga mtupu unaochoma kama majivu ya moto, akajikinga kwa mwavuli mkubwa. Huko aliishi nyigu anayelisha mtoto wake nzi. Mama huyu si kama wale wengine. Humletea mtoto nzi wapya kila siku, mpaka akue. Kila anapotoka, mchanga huporomoka na kufunika mlango usionekane. Lakini akirudi hushuka penye mlango bila kukosea. Fabre alifunika mahali pale kwa jiwe bapa, akafunika kwa mavi ya farasi, akamwaga dawa yenye harufu kali. Nyigu akachimba pale pale. Siku nyingine aliondoa dari lote la tundu, buu akabaki wazi juani, akijinyonganyonga kwa joto. Mama akaja. Alitafuta mlango. Alichimba pale mlango ulipokuwa, akampita mtoto wake, akamkanyaga, akamsukuma kando kama kijiwe. Pasipo mlango, hakumjua.

Je, nyigu huijuaje njia ya nyumbani? Fabre aliwatia wale wa fukusi alama nyeupe mgongoni, akawafungia katika vikaratasi vya giza, akawapeleka umbali wa kilometa 2, akawaachilia. Baada ya saa chache baadhi yao walikwisha kufika, na mmoja alikuwa amekamata fukusi njiani! Swali hilo Fabre hakulimaliza. Alidhani nyigu wana fahamu moja ambayo sisi wanadamu hatunayo.

Huko Avignon, mwaka 1865, alipata mgeni: Louis Pasteur, aliyetumwa kuchunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri. Fabre alimpa kifukofuko cha hariri. Pasteur akakitikisa penye sikio, akauliza kama mna kitu ndani, kwa maana hakujua kwamba kiwavi hugeuka humo. Fabre alishangaa sana, hata hivyo alimsifu mtu aliyethubutu kuanza kazi bila kujua. Mgeni akaomba kuona ghala lake la divai. Mwenyeji akamwonyesha chupa moja kubwa juu ya kiti kibovu.

Umaskini huo alijaribu kuushinda. Kwa miaka mingi alitafuta njia bora ya kutoa rangi nyekundu katika mizizi ya mmea uliolimwa kwa wingi nchini mwake. Alifaulu. Lakini yapata mwaka 1868 Wajerumani wakagundua namna ya kutengeneza rangi ile ile bila mmea, na kazi yake ikawa bure. Kisha likaja shauri jingine. Waziri wa elimu, Victor Duruy, alimwomba afundishe watu wazima na wasichana masomo ya jioni, bila malipo. Watu walijaa. Wengine mjini walichukizwa kwamba anawaeleza wasichana jinsi ua linavyozaa mbegu, na hao, sina budi kusema, walikuwamo watu wa kanisa. Wenye nyumba aliyopanga walimtoa nje mwaka 1870 pamoja na watoto wake. Hakuwa na fedha za kuhama. Mwingereza mmoja aliyeishi Avignon, mwenye hekima John Stuart Mill, akamkopesha faranga 3000 bila hata hati. Fabre alizilipa zote. Aliacha kazi ya serikali, akahamia Orange, akaishi kwa kuandika vitabu vya shule.

Huko Orange likampata neno zito kuliko yote. Alikuwa na mwana, Jules, aliyependa wadudu na maua kama baba yake, mwenye macho makali kuliko yake. Walikuwa wakienda pamoja kuvizia nyigu. Mwaka 1877 Jules akafa, angali kijana. Baba aliugua sana baada ya hapo, hata watu wakadhani naye atakufa. Kitabu chake cha kwanza juu ya wadudu kilitoka mwaka 1879, nacho alikiandika kwa kumkumbuka mtoto huyo. Humo aliwapa nyigu watatu jina la Jules, wote wa jamaa zile zichimbazo ardhi, ambazo wawili hao walikuwa wakizitazama pamoja.

Mwaka ule ule alinunua nyumba na shamba katika kijiji cha Sérignan. Shamba lilikuwa kiasi cha hekta moja, mawe matupu na majani ya miiba. Watu wa kule huiita ardhi ya namna hii harmas, yaani isiyofaa kulimwa. Jirani walimcheka. Yeye aliizungushia ukuta, akaiacha vile vile ilivyo, maana kwa nyuki na nyigu ilikuwa karamu. Alikaa hapo miaka 36. Mke wake alipofariki alioa tena, akazaa watoto wengine, nao wakawa wasaidizi wake wa kuokota mende wa samadi. Meza aliyoandikia ilikuwa ndogo, aliweza kuibeba kwa mikono yake. Juu yake aliandika vitabu kumi vya maisha ya wadudu, cha mwisho mwaka 1907. Alikaribia kusahauliwa katika uzee na uhitaji, lakini mwaka 1910 rafiki zake walimfanyia sikukuu, na mwaka 1913 Rais wa Ufaransa, Poincaré, alifika kijijini kumsalimu. Alikufa tarehe 11 Oktoba 1915, karibu kutimiza miaka 92. Amezikwa Sérignan. Nyumba yake tangu mwaka 1922 ni mali ya taifa.

Si yote aliyoandika yaliyosimama. Mwaka 1898 Waamerika wawili, George Peckham na mkewe Elizabeth, waliwatazama nyigu wa viwavi kwao, wakaona kwamba mmoja huchoma mara nyingi, mwingine mara chache, na pengine kiwavi hufa, na buu hula vivyo hivyo na kukua vizuri. Nyigu si daktari mkamilifu kama Fabre alivyomsifu. Lakini kwamba windo hupooza kwa sumu karibu na vifundo vya fahamu, hilo limethibitika.

Na lile swali la njia? Yapata mwaka 1930, Mholanzi kijana, Niko Tinbergen, alikaa mchangani kwao kama Fabre alivyokaa, mbele ya nyigu awindaye nyuki. Nyigu akiwa ndani ya tundu, Tinbergen alipanga koni za msonobari kuzunguka mlango kama duara. Nyigu akatoka, akazunguka hewani akipatazama mahali pale, akaenda zake. Tinbergen akalihamisha duara lote kando, hatua moja hivi, akaliacha tundu wazi. Nyigu akarudi na nyuki wake. Akashuka katikati ya duara, mahali pasipo na mlango, akaanza kutafuta.

Fahamu aliyoitumia ilikuwa macho yake.